Kabla ya Kuuziwa Dawa, Tuliuziwa Kasoro

Binti wa kaka yangu ana miaka 14. Jioni moja alikaa karibu yangu kwenye kochi akijipiga selfi. Alipiga, akatazama, akafuta. Akapiga tena, akafuta tena. Nilihesabu mpaka 11. Ile ya 12 akaiacha, akanisogezea simu: "Shangazi, hii je?" Nilimtazama yeye, kisha nikaitazama simu. Msichana wa kwenye simu alikuwa na pua nyembamba kuliko yake, macho makubwa kidogo, ngozi isiyo na kipele wala kinyweleo. Filta ilikuwa imefanya kazi yake bila kuombwa. Ilikuja imeshawashwa pamoja na programu yenyewe. Nikamwambia mimi ningependa zile za mwanzo, alizozifuta. Akacheka, akaishika pua yake kwa vidole viwili na kuibana. "Zile pua ilionekana kubwa."

Nikamuuliza ni nani aliyemwambia kwamba ana pua kubwa. Alifikiri kwa dhati kabisa, kama mtu anayetafuta jina lililompotea.

"Hakuna aliyeniambia. Niliona tu."

Jibu hilo halijanitoka kichwani. Mtoto hakudanganya. Hakuna aliyemtukana shuleni, wala aliyemcheka nyumbani. Kasoro ilimfikia kimyakimya, ikakaa, na alipoikuta ndani yake akadhani ameigundua mwenyewe.

Tunapoyalaumu matangazo huwa tunalaumu uongo wake: kidonge kisichotibu, krimu isiyoondoa makunyanzi, mkanda usiopunguza tumbo. Uongo wa aina hiyo upo, na sheria za kuukabili zipo, hata kama hazitoshi. Mimi naamini madhara makubwa yako hatua moja nyuma. Ili tangazo liniuzie dawa, lazima kwanza liniuzie kasoro ambayo dawa hiyo inadai kuiondoa. Bidhaa hukaguliwa, hupimwa maabara, hupewa namba ya usajili. Kasoro haikaguliwi na yeyote.

Chukua Listerine, dawa ya kusukutulia mdomo. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1879 kama dawa ya kuua vijidudu wakati wa upasuaji, ikapewa jina la Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Kiingereza aliyewafundisha wenzake kuua vijidudu kwenye vidonda na vifaa. Kwa miaka mingi ilikuwa dawa inayotafuta kazi. Miaka ya 1920 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ikaipatia kazi hiyo. Waliokota neno la kitabibu, halitosis, ambalo mtu wa kawaida hakuwa akilisikia, wakalibandika kwenye jambo linalompata kila mtu mara mojamoja: harufu ya mdomo. Mdomo kunuka ni jambo la kusukutua na kuendelea na siku yako. Halitosis ni ugonjwa. Tangazo moja mashuhuri la miaka hiyo lilimhusu msichana aitwaye Edna, anayekaribia miaka 30, wenzake wote wameshaolewa na yeye amebaki kuwa mpambe kwenye harusi za watu. Wala hajui sababu, kwa kuwa, matangazo hayo yalisema, hata rafiki yako wa karibu hatakuambia.

Tazama jinsi mtego ulivyotegwa. Ugonjwa wenyewe huwezi kuupima ukiwa peke yako. Wanaokuzunguka hawatakuambia. Basi ukimya wa watu, ambao jana ulikuwa ushahidi kwamba huna tatizo, leo umegeuzwa kuwa ushahidi kwamba unalo na wanakuonea haya. Mtu aliyeshikwa hapo hana pa kutokea isipokuwa dukani.

Kilichofuata miaka mingi baadaye ndicho kinachonifanya niirudie hadithi hii kila ninapopata nafasi. Kwa miongo kadhaa Listerine ilitangazwa pia kama kinga ya mafua na maumivu ya koo, jambo ambalo si kweli. Mwaka 1975 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara, FTC, iliiamuru kampuni isahihishe uongo huo ndani ya matangazo yake yenyewe, mpaka iwe imetumia kwenye matangazo hayo kiasi cha dola milioni 10. Mahakama ilikubaliana na amri hiyo mwaka 1977. Ulikuwa ushindi wa kweli kwa mlaji, na siudharau. Lakini usahihisho ulihusu mafua tu. Hakuna tume iliyoagizwa kusahihisha aibu ya Edna. Dai la tiba lilikuwa na kipimo. Aibu haikuwa nacho, ikabaki ilipo, na imebaki mpaka leo.

Makwapa yana hadithi ya namna hiyohiyo. Mwaka 1915 Gillette ilitoa wembe wake wa kwanza kwa ajili ya wanawake, wakati mitindo ya nguo zisizo na mikono ilipoanza kushika, na nywele ambazo hazikuwa zimemsumbua mtu zikawa jambo la kuonea haya. Sina haja ya kukaa hapo, wembe hauui.

Sigara inaua, na hapo ndipo jinsi mtu anavyojiona inapogeuka kuwa suala la afya waziwazi. Mwaka 1928 Lucky Strike ilianza kuwaambia wanawake wa Marekani wachukue sigara badala ya peremende. Kilichokuwa kikiuzwa pale kilikuwa wembamba. Kampuni ilimwajiri Edward Bernays, mtaalamu wa kushawishi umma na mpwa wa Sigmund Freud, na Bernays hakuhangaika kuisifia tumbaku. Aliwatafuta watu wa mitindo, wapiga picha na madaktari wausifie mwili mwembamba, maana alijua kwamba mwanamke akishauogopa unene, sigara itajiuza yenyewe. Kisha Jumapili ya Pasaka, tarehe 31 Machi 1929, akapanga wanawake wavute sigara hadharani wakitembea kwenye Fifth Avenue, New York, na sigara zile zikaitwa mienge ya uhuru. Magazeti yaliandika tukio hilo kama habari. Ndivyo tangazo lilivyoingia kwenye kurasa za habari bila kulipia nafasi.

Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha Uingereza utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani akatoa ripoti yake. Mwaka 1968, miaka minne baada ya ripoti hiyo, zikaja Virginia Slims, sigara za wanawake zenye wembamba ndani ya jina lake. Na mwaka 1987 saratani ya mapafu iliipita saratani ya matiti katika kuua wanawake wa Marekani. Kila nikiitazama miaka hiyo ikipangana naona umbali uliopo kati ya picha na kaburi. Aliyeanza kuvuta akiwa msichana ili asinenepe alikuwa bibi mapafu yake yalipoanza kudai, na kwa wakati huo hakuna aliyekuwa akikumbuka neno peremende.

Mimi ni mwandishi, kwa hiyo kuna sehemu ya hadithi hii inayonihusu zaidi. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa uchunguzi wa Kenneth Warner na wenzake juu ya majarida 99 ya Marekani katika kipindi cha miaka 25. Waliuliza swali dogo: je, jarida linalopokea fedha za matangazo ya sigara huandika kidogo kuhusu madhara ya sigara? Kwa majarida ya wanawake, uwezekano wa kuchapisha makala ya madhara ya sigara katika mwaka mmoja ulikuwa asilimia 11.7 kwa yale yasiyochukua matangazo hayo, na asilimia 5 kwa yale yaliyoyachukua. Huenda hakuna mhariri aliyeamriwa kunyamaza. Mtu hujifunza tu mambo yapi yanaleta maswali kwenye kikao cha Jumatatu. Kwa hiyo msomaji alipata hasara mbili: aliona picha ya sigara, na hakuiona makala ambayo ingemwonya.

Watetezi wa biashara husema matangazo hayaumbi matamanio, yanaitikia tu matamanio yaliyopo. Hoja hiyo ni ngumu kuipima, kwa sababu karibu kila mahali duniani watu wamezaliwa ndani ya picha hizi na hakuna wa kulinganisha naye. Ndiyo maana kilichotokea Fiji kina thamani kubwa. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika jimbo la Nadroga. Huko mwili mkubwa wenye nguvu ndio uliosifiwa, na mtu akikonda jamaa zake walipata wasiwasi kwamba hatunzwi. Anne Becker, daktari wa akili na mwanaanthropolojia kutoka Harvard, aliwahoji wasichana wa sekondari 63 wiki chache tu baada ya televisheni kuanza kuonekana, kisha akawahoji wengine 65 mwaka 1998. Mara ya kwanza hakukuwa na hata mmoja aliyesema hujitapisha ili apunguze uzito. Baada ya miaka mitatu walikuwa asilimia 11.3. Waliokuwa na alama za hatari kwenye dodoso la matatizo ya ulaji walipanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2.

Idadi ya waliohojiwa ni ndogo, na wasichana wa mara ya pili si wale wa mara ya kwanza, kwa hiyo televisheni peke yake haiwezi kubebeshwa kila kitu. Lakini maneno ya wasichana wenyewe yana uzito kuliko asilimia. Walisema wanataka kufanana na wanawake wa kwenye tamthilia za nje, na wengi walilihusisha jambo hilo na kazi: waliona kwamba mwembamba ndiye anayeajiriwa, ndiye anayefika mbali. Hawakuwa wajinga wala washamba. Walikuwa wakisoma dunia mpya kwa makini na kutafuta njia ya kuingia ndani yake, na picha iliwaonyesha mlango uliojengwa kwa kiuno chembamba. Zaidi ya yote, kilichowagusa kilikuwa hadithi za kawaida za jioni, wala hazikutengenezwa ili kuuza kidonge. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba pale ambapo hakuna kipimo cha wazi, binadamu hujipima kwa kujilinganisha na wengine. Uzuri hauna rula. Ukibadilisha watu ninaowaona kila jioni, umebadilisha rula yangu.

Wavulana nao wamo, ingawa tunawasahau kwa kuwa hawasemi. Mwaka 1999 Harrison Pope na wenzake walivipima vikaragosi vya kiume wanavyochezea watoto, vya miaka ya 1960 hadi vya wakati huo. Kimoja cha mwaka 1998, kama kingekuwa na urefu wa mwanaume wa kawaida, msuli wa mkono wake ungekuwa na mzunguko wa zaidi ya inchi 26, mkubwa kuliko hata wa wanyanyua vyuma wakubwa. Kijana aliyekua na kikaragosi kile ndiye anayeuziwa leo unga wa kujenga misuli, na wengine huishia kwenye sindano za steroidi, ambazo hupunguza korodani na kuharibu moyo.

Kujichubua kunanitia uchungu kuliko yote, kwa sababu hapo mwili unaharibiwa ili ufanane na picha, na kila anayehusika anajua. Chumvi za zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Hupenya kwenye ngozi, huingia kwenye damu, huharibu figo. Huhamia kwenye taulo na shuka, huwafikia hata watoto waliomo nyumbani ambao hawakupaka chochote. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwisho wa mwaka 2020 kuwa kikomo cha vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu moja katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuviondoa vyote vyenye zebaki iliyoongezwa ifikapo 2025. Hilo ni jambo jema sana. Lakini linaishia kwenye zebaki. Lile tangazo la miaka nenda rudi, ambamo msichana ananyimwa kazi, anapaka krimu, anang'aa, kisha anaajiriwa, halina kemikali ya kupigwa marufuku. Fair & Lovely, iliyoanza kuuzwa India mwaka 1975, iliondoa neno la weupe kwenye jina lake mwaka 2020 na kuwa Glow & Lovely. Jina lilibadilika, krimu ikaendelea kuuzwa. Na mwanamke aliyekwisha kuamini kwamba rangi yake ndiyo inayomzuia, akinyimwa krimu halali atauendea mkorogo usio na lebo.

Zamani walau mtu aliliona tangazo likija. Lilikaa katikati ya kipindi, lilikuwa na muziki wake, unanyanyuka ukanywe maji. Sasa anayeniuzia ni dada mwenye sauti ya rafiki, yuko bafuni kwake, nywele hazijachanwa, ananisimulia jinsi alivyopoteza tumbo kwa chai. Chai nyingi za namna hiyo zina sanamaki, na sanamaki huharisha. Kinachotoka ni maji na haja kubwa; mafuta yamebaki palepale. Mizani ya asubuhi inaonyesha kupungua, mtu anafurahi, anakunywa tena, utumbo unachoka na chumvi za mwili zinavurugika. Ini na figo, ambazo ndizo hasa zinazosafisha mwili, hazikutajwa popote kwenye video. Mwaka 2020 FTC iliishtaki kampuni moja ya chai kama hizo kwa madai yasiyo na ushahidi na kwa kuwatumia watu mashuhuri ambao hawakueleza vizuri kwamba wamelipwa. Kampuni moja. Video ni mamilioni.

Nyaraka za ndani za Facebook zilizovujishwa mwaka 2021 zilionyesha kwamba watafiti wake walijua hali ilivyo: asilimia 32 ya wasichana wa umri wa balehe walisema kwamba wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia. Na simu imeongeza jambo ambalo televisheni haikuliweza. Edna alilinganishwa na maharusi wengine. Binti wa kaka yangu analinganishwa na yeye mwenyewe, yeye aliyenyooshwa pua, na mpinzani huyo hawezi kumshinda kamwe, kwa sababu ana sura yake na hana mwili.

Hapa ndipo ninapoambiwa: watu wafundishwe, waelewe kwamba picha zimehaririwa, basi. Nami nilikuwa nikisema hivyo. Ufaransa tangu Oktoba 2017 inataka picha za biashara zilizobadilisha umbo la mwanamitindo ziandikwe kwamba zimehaririwa, na Norway ilileta sheria ya namna hiyo mwaka 2022. Nia ni njema, lakini majaribio mengi yaliyofanywa juu ya maandishi hayo hayakuona kwamba yanapunguza watu kujichukia baada ya kuitazama picha. Sishangai. Binti yetu anajua filta ni filta; yeye ndiye aliyenifundisha mimi. Kujua hakukumzuia kubana pua. Macho hayasubiri akili imalize kusoma maelezo. Hata kwa chakula ni hivyo: mwaka 2009 Jennifer Harris na wenzake huko Yale waliwaonyesha watoto wa miaka 7 hadi 11 katuni, wengine ikiwa na matangazo ya vyakula, wengine matangazo ya vitu vingine. Waliotazama ya vyakula walikula asilimia 45 zaidi ya kitafunio kilichokuwa mbele yao, ambacho hakikuwa hata kimetangazwa.

Kinachoonekana kusaidia ni kupunguza kuona kwenyewe. Mwaka 2023 watafiti wa Kanada walichapisha jaribio la vijana 220 wa miaka 17 hadi 25. Nusu yao waliombwa wasizidishe dakika 60 kwa siku kwenye mitandao ya kijamii. Baada ya wiki tatu tu, waliopunguza waliuona mwili na uzito wao kwa jicho jema zaidi kuliko waliokuwa wakiendelea kama kawaida. Hakuna somo walilofundishwa.

Historia ya tumbaku inasema vilevile. Marekani iliondoa matangazo ya sigara kwenye redio na televisheni tarehe 2 Januari 1971, na mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 ukazitaka nchi wanachama kuzuia matangazo ya tumbaku yote. Hazikuandika "picha hii imetiwa chumvi" chini ya yule mvutaji mwenye farasi wa matangazo ya sigara za Marlboro. Zilimwondoa. Jimbo la Quebec linazuia matangazo ya biashara yanayowalenga watoto chini ya miaka 13 tangu mwaka 1980. Chile mwaka 2016 ilianza kuondoa wanyama wa katuni kwenye maboksi ya nafaka zenye sukari nyingi. Hatua zote hizi ziligusa picha, siyo bidhaa peke yake, na mbingu haikuanguka.

Kwa hiyo ninachokidai kinawezekana. Filta za kubadilisha uso zije zimezimwa, anayetaka aziwashe mwenyewe, na kwa watoto zisiwepo. Matangazo ya kupunguza uzito, ya kung'arisha ngozi na ya kukata mwili kwa ajili ya urembo yasipelekwe kwenye simu ya mtoto hata kidogo. Anayekagua tangazo la afya asiulize tu kama dawa inafanya kazi; aulize pia kama huo unaoitwa ugonjwa upo, na nani ameupa jina. Na sisi wa vyombo vya habari, tunapomweka mtu aliyevaa koti jeupe studioni kuzungumzia tumbo, ngozi au nguvu za kiume, tuseme sentensi ya kwanza kabisa, kabla hajafungua kinywa, nani amelipia kipindi. Wengi wetu tunajua vipindi ninavyovisema.

Jumamosi iliyofuata nilikaa tena na binti yetu tukafungua mipangilio ya ile programu. Kulikuwa na orodha ya mambo ambayo programu iliamini anayapenda. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona. Kupunguza uzito. Utunzaji wa ngozi. Urembo wa uso. Kulikuwa na soka pia, na paka. Tukaanza kuzima kimoja baada ya kingine, mimi nasoma, yeye anabonyeza. Ilituchukua kama dakika 20, maana kila ukizima kimoja programu inakuuliza kama una uhakika. Soka na paka tukaviacha. Usiku, kabla ya kulala, alinitumia picha ya kioo cha simu yake bila kuandika neno. Lilikuwa tangazo jipya: tumbo la mwanamke, kabla na baada, na kitufe cha kubonyeza chini yake.